Nilichokula Magamba

Odense, Denmark
11 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Desturi ni kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima wa afya. Leo nairuka, maana nakuandikia nikiwa kitandani hospitali na nitaonekana mwongo.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nimeipiga picha na kuituma kwenye simu ya kaka Makoye. Mkewe, wifi Sikujua, akusomee, na majibu aniandikie yeye. Simu sitaki. Kwenye simu unasema "tuko salama" halafu unakata haraka ukiogopa kumaliza vocha, wakati anayepiga ni mimi.

Niliondoka nyumbani tarehe 18 Januari. Tarehe 31 tumbo likaanza kuniendesha. Safari za chooni nilizihesabu mpaka kumi na nne nikachoka. Ikafuata homa, nayo haishuki. Madaktari waliposikia nilikuwa Tanzania wakafurahi kama watu waliopata jibu la fumbo. Wanasema wasafiri wengi wanaotoka mbali hurudi na bakteria tumboni. Wakanitajia majina yao, ungedhani wananisomea kikosi cha timu ya mpira ya ng'ambo: Kampilobakta, Shigela, Salmonela, i-kolai. Nikawaambia mimi sikusafiri, nilienda kwetu. Wakaandika "safari". Wamenipa dawa ya kubahatisha siku tano, na homa iko palepale.

Namshukuru Mungu kuna muuguzi mmoja anaitwa Emelyne. Alizaliwa Katumba, wazazi wake wakimbizi wa Burundi, na Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Yeye ndiye ananitafsiria. Anasema daktari anataka orodha ya kila nilichokula na kunywa huko Magamba, na nani mwingine aliugua. Mimi nakumbuka vibaya, kichwa kinawaka. Nimewatajia mayai niliyonunua stesheni ya Kaliua, na maji ya kisima. Vingine nikumbushe wewe.

Fanya haraka, mama. Unajua nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee. Hawatanirudisha mpaka choo changu kipimwe na kuonekana safi. Nyie wote hamjambo?

Mwanao,
Minza


Magamba, Mpanda
16 Februari 2025

Minza mwanangu,

Marahaba. Pole sana, mayu, mama yangu. Nimelia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa.

Lakini hao madaktari wako sijawaelewa. Msafiri ni mtu anayekwenda kwa watu. Wewe ulikuja kwako, ulipozaliwa, ukanywa maji uliyoyanywa tangu huna meno. Tumbo la mtoto wa hapa litakataaje chakula cha hapa? Waambie watafute huko huko kwenye hizo samaki mbichi zenu.

Makoye naye amekasirika. Amesikia neno maziwa redioni, eti maziwa mabichi yana wadudu, akafikiri ndicho unachotaka kusema. Anasema ng'ombe wake wamechanjwa wote na mwenye shaka aje avute mkia mmoja mmoja.

Umeuliza nani mwingine aliugua. Nitakutajia, maana hujayajua yote. Yule mwalimu Selestine aliyepanga chumba chetu cha nje, hajamaliza miezi miwili akaugua tumbo na homa, akahama. Katekista alikuja kubariki nyumba, akala, wiki mbili baadaye akalazwa. Na Lyamba wetu, mjukuu wangu niliyemzika. Sasa wewe. Wote wamekula hapa, na wote ni baada ya mwanamke huyu kuanza kushika jiko peke yake. Mimi nina macho. Kuna mkono wa mtu.

Anayeandika hapa nimemwambia aandike hivi hivi nilivyosema, asipunguze: ni mkono wake. Kama ameandika vingine, Makoye ataisoma anikamatie. Wajomba zako watakuja kutoka Kahama, kikao ni tarehe 26 Aprili, mahindi yakishakauka. Arudi kwa baba yake, na ng'ombe zetu za mahari zirudi. Nimechoka kuzika.

Mama yako,
Verdiana

(Nyuma ya karatasi.) Wifi, shikamoo. Ni mimi Sikujua. Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno. Makoye hawezi kusoma mwandiko wangu ukiungana, kwa hiyo ningeweza kuandika chochote. Lakini nimekaa nyumba hii miaka saba na sijawahi kumwibia mtu hata neno. Lyamba nilimzaa mimi. Uliza madaktari wako vizuri, wifi. Mimi sina mtu mwingine wa kumuuliza.


Odense
24 Februari 2025

Wifi Sikujua,

Marahaba, na samahani. Nimesoma nyuma ya karatasi mara nyingi kuliko mbele.

Ugonjwa umepata jina. Damu waliyonitoa waliiotesha siku kadhaa na ikaota: ni taifodi. Najua unacheka. Mimi pia nilicheka, maana kwetu nani hana taifodi? Ukiingia zahanati yoyote umechoka, unatoka na taifodi na UTI. Emelyne akanishika mkono akaniambia dada, hii ni taifodi yenyewe, ni mtoto wa ukoo wa Salmonela, na vidonge vya kwanza haikuvisikia. Sasa natundikiwa dawa nyingine. Jana niliweza kula wali.

Msomee mama hivi: bakteria hii haikai kwa ng'ombe, Makoye apunguze hasira. Inakaa kwa binadamu tu. Inatoka chooni kwa mtu mmoja, inapita mikononi au majini, inaingia kinywani kwa mwingine. Daktari anauliza kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kuwa na homa ndefu. Mkapime wote.

Hii usimsomee. Mimi nimechanganyikiwa, wifi. Nikiwa na homa naona kama mama ana haki, ikishuka naona aibu. Watu wanne wakiugua nyumba moja, mtu utafikiri nini? Nisaidie kufikiri.

Wako,
Minza


Magamba
9 Machi 2025

Dada Minza

Habari ya huko. Hii naandika mwenyewe, usihangaike na mwandiko.

Tulienda kupima, zahanati moja pale mjini. Wanatoboa kidole, dakika kumi jibu. Mimi nina taifodi, lakini mimi huwa nayo kila msimu wa kulima, hata mpimaji ananijua. Mke wangu Sikujua ana taifodi. Mama hana kitu, safi kabisa, mpimaji akamwambia bibi una damu ya msichana.

Basi mama alivyotoka pale alikuwa anapunga mkono kwa watu asiowajua. Anasema hata mashine ya mzungu imemuona mchawi. Nikamwambia mbona na mimi ninayo. Akasema wewe unalala naye.

Umeuliza homa ndefu. Mwaka wa 2022 wewe ukiwa huko mama aliugua homa karibu mwezi, alikonda, hatukukuambia usije ukaacha masomo. Akapona, tangu hapo hajaumwa hata jino. Sijui kama inasaidia.

Dada, mke wangu hasemi. Anapika, anafua, anakwenda shamba, hasemi. Kikao kinakuja. Mama ni mama. Na mimi Lyamba alikuwa mwanangu. Sijui nimwamini nani, usiku na mchana naswaga ng'ombe ili nisikae nyumbani. Wewe umesoma. Niambie la kufanya.

Makoye


Odense
21 Machi 2025

Wifi Sikujua,

Nimetoka hospitali. Nimepona, ila choo changu bado kinapimwa na jikoni sijarudi.

Barua ya kaka nilimsomea Emelyne, naye akamweleza daktari. Daktari akatikisa kichwa. Anasema kipimo kile cha kidole kinadanganya pande zote mbili: kinaweza kumsingizia asiye nayo na kumwacha aliye nayo. Kuna mtu anaugua taifodi, anapona, lakini bakteria wanajificha ndani yake, kwenye nyongo, miaka na miaka. Yeye haumwi kitu. Ananenepa. Lakini akitoka chooni asiponawa vizuri kwa sabuni, anachokigusa kinakuwa na bakteria. Chakula kikipita motoni baada ya hapo, wanakufa. Kisipopita, anayekula anaugua. Mtu wa namna hiyo hajui, wala si kosa lake. Kumpata ni kwa kupima choo kikubwa, kukiotesha, tena zaidi ya mara moja.

Akaniambia tena nitengeneze orodha, safari hii kwa mafungu mawili: kilichopita motoni na kisichopita, na pembeni niandike mkono wa nani.

Hapo ndipo nilipokwama, na lazima nikuambie, hata ukinichukia. Kabla sijaja, mama alinipigia. Alinionya nisile chakula chako. Nami nilikubali, wifi. Na shule yangu yote. Ule ugali, ile nsansa ya majani makavu ya kunde kwa karanga uliyonipikia siku ya kwanza, michembe ya viazi, kuku, vyote nilivipeleka nyuma ya zizi nikampa mbwa, nikarudi nikakuambia nimeshiba. Wiki tatu nzima nilikuwa naishi kwa maziwa mgando ya kibuyu cha mama. Na kibuyu kile, unajua kuliko mimi, nyumbani kwetu hakiguswi na mke wa mtoto. Anakamulia mama, anatikisa mama, anamimina mama kwa mkono wake.

Ukiacha mayai ya stesheni na maji ya kisima ambayo nyumba nzima inayanywa, orodha yangu fungu la kwanza ni tupu. Fungu la pili lina kitu kimoja.

Mwalimu Selestine, katekista, kila mgeni wetu hupewa maziwa kabla hajakaa vizuri. Sitaki kufika mwisho wa hesabu hii. Nendeni hospitali kubwa, mueleze habari ya choo. Daktari wangu ameandika taarifa kwa Kiingereza, nimeituma pamoja na barua hii, waonyesheni.

Nisamehe kuhusu mbwa.

Minza


Magamba
17 Aprili 2025

Wifi,

Mbwa amenenepa, kumbe.

Nilipoisoma barua yako nilikwenda shambani nikapalilia mistari ambayo ilikuwa imeshapaliliwa. Ile nsansa niliikopea karanga kwa jirani. Ulinishukuru ukashika na tumbo. Nilimwambia Makoye, angalau wifi ananipenda. Sitasema nimekusamehe, nitasema nimekusikia.

Sasa sikiliza mengine. Hospitali walisoma taarifa ya daktari wako, wakasema sampuli zitaoteshwa Mbeya. Mama akakataa. "Choo changu kipande basi kwenda Mbeya! Kikifika mikononi mwa watu nisiowajua, si ndiyo nimekwisha?" Makoye alibembeleza siku tatu, akashindwa. Mimi nikamwambia, "Mama, kama ugonjwa ni mkono wangu, si utaonekana kwenye choo changu? Wewe peleka chako kionekane safi." Akasimama palepale akadai kikopo.

Hakuniamini hata hivyo. Vikopo vyote vitatu alivishika mwenyewe kwenye kanga mpaka hospitali, nisije nikabadilisha. Alisimama mbele ya muuguzi mpaka jina lake likaandikwa, akataka lisomwe kwa sauti. Wiki ya pili akarudia hivyo hivyo.

Majibu nimeyachukua jana, kwa kuwa Makoye haumudu mwandiko wa hospitali. Makoye hana. Mimi sina. Mama anayo, mara zote mbili.

Muuguzi alinieleza: atameza vidonge mwezi mzima, ananawa kwa sabuni, hagusi chakula kisichopikwa mpaka apimwe awe safi. Nilikuwa naitikia "ndiyo" huku nikimuona Lyamba na kikombe chake cha bati. Kila asubuhi, wifi. Alikuwa anamwita bibi yake kabla hajaniita mimi. Mimi kibuyu kile sijapewa hata tone, na nilikuwa naona uchungu kunyimwa.

Karatasi iko chini ya godoro. Kikao ni siku tisa zijazo. Nikinyamaza, wananiondoa. Nikiisoma mbele ya ukoo mzima, naondoka kwenye midomo ya watu na anaingia yeye, na unajua kwetu bibi kizee akishaingia kwenye midomo ya watu kinachofuata ni panga. Miaka miwili nimeomba Mungu anionyeshe aliyefanya. Ameonyesha, na sijui nimshukuru au nigombane naye.

Niambie nifanye nini, maana huyu ni mama yako.

Sikujua


Odense
18 Aprili 2025

Wifi yangu,

Nimelia kazini. Nimeruhusiwa kurudi jikoni, siku ya kwanza tu, na bosi akanirudisha nyumbani akidhani naumwa tena.

Najua ninachokuomba si haki. Ficha. Mwambie mama majibu hayajarudi. Dawa mpe, sema ni za miguu. Mimi nitawapigia wajomba kikao kiahirishwe, nitasema nataka kuwepo. Mwezi wa nane nitakuja mwenyewe nitamwambia taratibu. Akijua sasa hivi kuhusu Lyamba, atakufa, wifi. Mama yangu yule hawezi kubeba hilo.

Nakuomba wewe uliyeumizwa umfichie aliyekuumiza. Naandika hivi na mkono unanikatalia. Lakini naomba.

Minza


Magamba
28 Aprili 2025

Minza,

Barua yako ya kuomba nifichwe nimesomewa. Nilimkuta huyu amekaa nayo jikoni, uso umevimba, nikamwambia soma. Akasema si yako. Nikasema kila barua ya mwanangu ni yangu. Akasoma yote, mpaka pale pa dawa za miguu. Kisha akaenda chini ya godoro akaleta karatasi ya Mbeya.

Wewe umeniona mimi mtoto? Nimezaa sita nikazika watatu, leo unaniambia siwezi kubeba?

Nilisema ameibadilisha. Halafu nikakumbuka vikopo nilivishika mwenyewe. Nilisema Mbeya wamekosea. Akasema wamerudia. Basi nikakaa chini, na sikuamka pale mpaka ng'ombe waliporudi.

Kikao hakikuahirishwa. Wajomba zako walifika na fimbo zao, wakala, wakasema haya tuanze, mwanamke aitwe. Nikasimama mimi. Nikawaambia aliyeitwa hapa hana kosa, ugonjwa unatoka kwangu. Mjomba wako Nyanda akasema, "Dada, ugonjwa gani unakaa ndani ya mtu usimuume yeye, uue wengine? Huo una jina lake." Nikaelewa anakokwenda. Nilikuwa nimemfanyia mwenzangu hivyo hivyo na sikujua ladha yake.

Aliyeongea ni huyu anayeandika. Alikuja na karatasi akasema, "Mjomba, huyu ni mgonjwa. Ana bakteria, ana vidonge, anameza asubuhi na jioni, mimi ndiye nampa. Mwenye neno lingine aniambie mimi." Wakaondoka kesho yake bila ng'ombe.

Sasa sipiki, sikamui. Nanawa mikono mpaka inachubuka. Nimemwomba msamaha. Aliniitikia "haya, mama" akaendelea kuchambua mchele. Sijui kama ndiyo amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Kuna moja nimemuuliza, akaweka kalamu akatoka nje. Amerudi, nimemwambia aandike. Wewe una madaktari, niulizie. Lyamba nilimnywesha kila asubuhi kwa mkono wangu. Ni mimi?

Mama yako,
Verdiana

(Nyuma ya karatasi.) Wifi, usiandike hapana, atajua ni uongo. Usiandike ndiyo, maana atakayemsomea ni mimi, mama wa mtoto. Andika kwamba mtoto hakupimwa na daktari hawezi kujua, kwa sababu ndivyo ilivyo. Aliposema nisamehe nilitaka kumuuliza anaomba kwa lipi, la kunisingizia au la mwanangu, nikaona hata yeye hajui. Miaka miwili nilikuwa nalala nikingoja mtu wa nyumba hii aniombe msamaha, nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumjibu. Sasa nimeombwa, na maneno yote yale siyaoni. Nimempa vidonge vyake vya jioni. Amevimeza bila maji, mbele yangu, ili nione.

Sikujua